Kiatu hakina pindo, tuwapime watoto miguu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua kurasa zenu zimejaa mambo ya bajeti na bandari na mpira, lakini na hili la kwangu naona lina uzito wake manake linagusa kila nyumba yenye mtoto anayeanza kutembea, na hapa Tanga sijui ni mtaa gani hauna mtoto wa hivyo. Nataka kuongelea viatu vya watoto wadogo, hawa wa mwaka mmoja mpaka mitatu, jinsi sisi wazazi tunavyovinunua na jinsi wenye maduka wanavyotuuzia.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Makorora, nashonea kibarazani kwangu huu mwaka wa tisa. Kazi yangu yote ni kupima. Futi kamba iko shingoni toka nikishafungua mlango asubuhi mpaka jua linazama, napima kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, na mteja akiniletea kitambaa akaniambia fundi we kata tu kwa macho unanijua, namkatalia, namwambia simama nikupime kwanza. Sasa mimi huyo huyo ndo nilienda kumnunulia mwanangu kiatu bila kumpima mguu, nimeingia dukani nikauliza tu "kaka, cha mtoto wa mwaka na nusu kipo?" Nalisema hili wazi kwa sababu nikiwaangalia kina mama wenzangu pale Ngamiani wote tunauliza hivyo hivyo, kwa umri, kama vile watoto wote wa mwaka na nusu mguu wao umetoka kwenye kalibu moja.

Ilikuwa siku tatu kabla ya Idi el Fitri. Nyie mnaoijua Ngamiani wakati wa mfungo unaisha mnajua hali inavyokuwa, zile barabara zetu za namba hata baiskeli unaishuka unaikokota, watu bega kwa bega, kila meza ina viatu vya watoto vimepangwa vinang'aa. Duka nililoingia sitalitaja, sina ugomvi na mtu. Kijana akanitolea kiatu cheusi kizuri kweli, kina mkanda wa kubandika, nikageuza soli nikaona 24. Nikamwambia mbona kama kikubwa, akaniambia mama chukua hicho hicho, mtoto anakua, hiki atavaa Idi hii na Idi ya Hija na mwakani pia. Akampachika mwanangu Nasri akiwa nimempakata, akabonyeza mbele kwa kidole gumba, akasema unaona, nafasi ipo ya kukulia. Wamama wawili waliokuwa pembeni nao wakaitikia, kweli dada, watoto hawa kiatu miezi miwili tu, bora ununue cha kukulia. Nikatoa elfu kumi na nane. Kwa mfuko wangu hiyo ni hela, ni magauni mawili ya kushona.

Nyumbani nikaweka pamba kwa mbele, kama tulivyowekewa sisi na mama zetu.

Siku ya Idi baada ya swala tukaenda kumsalimia bibi yake Chumbageni. Nyumba ya mama mkwe ina ngazi tatu tu za kupandia barazani. Nasri alikuwa ameshajua kupanda ngazi, anashika ukuta anainua mguu mmoja mmoja, ila siku ile ncha ya kiatu ikagota ngazi ya pili kabla mguu haujafika juu, akaenda kifudifudi. Mdomo wa juu ukapasuka kwa ndani, damu ikashuka kwenye kanzu nyeupe niliyomshonea mwenyewe. Nilipomnyanyua nikakiona kiatu kimebaki pale kwenye ngazi, kimefungwa vilevile, mkanda wake haujaguswa, na lile donge la pamba limetoka liko chini limelowa vumbi. Yaani mguu ulichomoka kwenye kiatu kilichofungwa. Ile picha haijanitoka mpaka leo.

Nilirudi dukani kesho yake kuomba nibadilishiwe niongeze hata hela. Kijana wala hakuniangalia vizuri, akanyoosha kidole ukutani kwenye karatasi, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaondoka.

Basi usiku ule nikatoa futi kamba nikampima mwanangu mguu kwa mara ya kwanza toka nimzae. Sentimita 12.3. Nikapima kiatu kwa ndani, 15 na nusu. Mhariri, mtoto alikuwa anatembea na sentimita tatu na zaidi za hewa mbele ya vidole vyake. Chukua rula uangalie sentimita tatu zikoje halafu ulinganishe na mguu wa sentimita 12, ni kama robo ya mguu mzima! Ingekuwa mimi nimemshonea mteja suruali imezidi robo ya mguu wake angenirudishia siku hiyo hiyo na angekuwa na haki.

Hapo ndipo nilipoanza kulifuatilia jambo hili, na nilipompeleka kliniki kupimwa uzito nikamuuliza nesi, mama mmoja mtu mzima mwenye subira, akakaa akanielewesha. Akanambia mguu wa mtu mzima una mifupa 26, lakini wa mtoto wa umri huu sehemu kubwa bado ni gegedu, laini, haijakomaa kuwa mfupa. Kwa hiyo ukimbana na kiatu kidogo mguu wenyewe unakubali tu, unajikunja unafuata kiatu, na mtoto halii kama ambavyo wewe ungelia, ataendelea kukimbia na kucheza. Usisubiri akwambie kinabana. Hana maneno ya kukwambia.

Hili la kubana lilinishtua zaidi kuliko lile la kupwaya, kwa sababu baada ya Idi nilikuwa nimehamia huko. Dada yangu alinipa raba za mwanae, namba 20, nikaona hizi zinamkaa, nikawa namvisha na hizi pia mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Siku hiyo namwogesha naona kidole gumba pembeni ya ukucha pamekuwa pekundu na pamevimba kidogo, na kile kidole kidogo cha mwisho kimelala chini ya mwenzake. Mtoto hajawahi kulalamika hata siku moja. Alichokuwa anafanya ni kukaa chini na kuzivua, nami nilikuwa namrudishia, nikidhani ni utundu.

Na huyo nesi akaniambia lingine ambalo naomba wamama tulijue, kwamba mtoto wa umri huu kuonekana unyayo wake ni bapa si ugonjwa. Chini pale kuna mafuta, ule upinde wa unyayo unakuja polepole miaka inavyokwenda. Kuna watu wanauziwa viatu vigumu vya bei mbaya eti vinyooshe mguu wa mtoto wa mwaka mmoja. Kama mtoto anatembea na anacheza vizuri mwacheni, na kama una wasiwasi nenda kituo cha afya, usimsikilize muuza viatu.

Sasa nirudi kwenye "atakua nacho". Nimefikiri sana kwa nini sote tunaamini hivyo na nadhani inatokana na nguo. Gauni la shule la mtoto nikilishona naacha pindo la inchi tatu chini, nakunja, nashona kwa sindano ya mkono mishono mirefu, mwakani mama yake analileta nafumua, nashusha, limekuwa jipya tena. Na kwenye ubavu naacha mshono mpana. Nguo inasubiri mtoto. Kiatu hakina pindo. Hakuna pa kukunja, ile nafasi ya ziada yote iko pale pale chini ya mguu anaotembelea, na mtoto mwenyewe ndo kwanza anajifunza kutembea, kila hatua kwake ni hesabu mpya. Akivaa kikubwa anakunja vidole kukishikilia kisimtoke, anaburuza, anajikwaa. Halafu kuna jambo lingine wenye kusema "atakua nacho" hawaliangalii: mpaka mguu ufike kwenye kile kiatu, kiatu chenyewe kimeshakwisha. Kile cha 24 changu kufika mwezi wa saba soli ya mbele imeliwa imeanza kuachia, na Nasri mguu wake bado wa kuvaa 21.

Toka mwezi wa nne nampima kila baada ya miezi miwili na naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wake peke yake. Mwezi wa nne 12.3, mwezi wa sita 12.6, mwezi wa nane 12.9. Karibu milimita moja na nusu kwa mwezi, na nesi akaniambia ndo mwendo wa kawaida wa watoto wa umri huu, wengine wanawahi wengine wanachelewa, na baada ya kupita miaka miwili na nusu mitatu kasi inapungua. Ukiliona kwenye daftari unaacha kuhisi kwamba mtoto anakua kwa miujiza usiku mmoja, unajua kabisa kiatu hiki kinanipeleka mpaka mwezi fulani.

Namna ya kupima haina ufundi mkubwa lakini ina mambo yake. Pima jioni, sio asubuhi, kwa sababu mguu unatanuka mchana kutwa na joto letu hili la Tanga ndo kabisa. Msimamishe, usimpime amekaa wala umempakata, manake akisimama uzito unaufungua mguu na urefu unaongezeka. Kisigino kiguse ukuta. Karatasi chini, penseli isimame wima, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na sio lazima kiwe gumba, mwanangu kidole cha pili ndo kimepita. Pima yote miwili, watu wengi miguu haiko sawa, ufuate ule mrefu. Halafu ongeza sentimita moja, au moja na milimita mbili, hiyo ndo nafasi ya kukulia na ya vidole kusogea wakati anatembea. Zaidi ya hapo unamletea shida, pungufu ya hapo mwezi ujao unarudi sokoni.

Na sokoni unaendaje, hapa ndipo nilipopata dawa ambayo nimewapa majirani zangu wote. Chukua chelewa moja kwenye fagio. Ivunje kwa urefu wa ule mguu na nyongeza yake, kwa mfano mimi sasa hivi natembea na chelewa ya sentimita 14 kwenye pochi. Ukifika kwenye meza ya viatu usiulize umri, usiangalie namba, ingiza chelewa ndani ya kiatu mpaka iguse mbele. Ikijikunja kiatu ni kidogo, kiache hata kikiwa kizuri vipi. Ikiingia huku inacheza mbele na nyuma ni kikubwa. Ikikaa imenyooka na imegusa huku na huku, hicho. Mtoto hata umemwacha nyumbani amelala, huna haja ya kumburuza juani.

Ile ya muuzaji kubonyeza mbele kwa kidole msiitegemee, hasa akiwa amepakatwa. Mtoto mdogo ukimgusa mguu anakunja vidole, kwa hiyo unabonyeza unakuta pako wazi kumbe vidole vimejikunja ndani.

Kuhusu namba, na hizi zinatuchanganya wote. Ile 21, 22, 23 ni namba za Ulaya, kutoka namba moja kwenda nyingine ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita saba. Zile ndogondogo 4, 5, 6 ni za Uingereza na hatua yake ni theluthi ya inchi, milimita nane na nusu hivi, na Marekani nao wanatumia hatua hiyo hiyo lakini wanaanzia kuhesabu sehemu tofauti, kwa hiyo 5 ya Marekani sio 5 ya Uingereza. Kwenye raba nyingi ukifunua ule ulimi utakuta zote zimeandikwa na mwisho kuna CM, hiyo ndo ifuate kwanza. Ila hata hapo pitisha chelewa, manake viwanda haviko sawa, nimekuta 22 mbili meza moja, moja imeipita nyenzake kwa nusu sentimita.

Mi nanunua mtumba sana, Mgandini, na sioni haya kulisema. Kiatu cha mtumba cha mtoto wa umri huu mara nyingi hakijavaliwa sana, mwenzake alikua kikamwacha, kwa elfu tano unapata kitu ambacho kipya usingeweza kukinunua. Lakini kiangalie chini. Kisigino kama kimeliwa upande mmoja, kiache, kimeshachukua mwendo wa mtoto mwingine na wako atatembelea upande huo huo. Kikunje kwa mikono miwili, kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati kama kitabu au kisipokunjika kabisa kama ubao hakimfai anayejifunza kutembea. Nyuma kwenye kisigino pawe pagumu kidogo, mbele pawe papana, na kiwe na mkanda au kamba ya kushika mguu. Ukifika nyumbani kifue kwa sabuni, kianike juani siku nzima mpaka ndani kikauke kweli, na kipindi cha masika angalia tena ndani kabla hujamvisha, viatu hapa kwetu vinaota ukungu wiki moja tu.

Yeboyebo na kandambili sizipingi. Za kuendea chooni na za kutokea uani, mtoto aliyeshazoea, sawa. Ila kumpeleka mbali na kandambili mtoto wa mwaka na nusu, huku anakimbizana na wenzake, hapana.

Bibi yake Nasri aliponiona na futi kamba yangu akanambia mwanangu mbona sisi tumewakuza nyie peku na mna miguu mizuri. Nikamwambia mama hapo umesema kweli, na hata nesi alisema hivyo hivyo, ndani ya nyumba na kwenye mkeka mwache atembee peku, vidole vinajifunza kushika chini na misuli inapata nguvu. Ndani kwangu hakuna kiatu. Lakini nje ni habari nyingine. Kuna minyoo ya safura ambayo inaingia kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu kwenye udongo wenye kinyesi, haisubiri kuliwa, na inanyonya damu mpaka mtoto anapauka midomo. Kuna funza. Kuna misumari na vipande vya chupa kila uwanja wanapojengea. Na mchanga wa Raskazone saa saba mchana hata mtu mzima anaurukaruka. Kwa hiyo viatu vya kutokea nje ni vya lazima, na kama ni vya lazima basi viwe vya saizi yake.

Na sisi watu wa Tanga tuna la ziada, baiskeli. Mji wetu nusu yake unatembea kwa baiskeli, watoto tunawabeba kwenye keria au kwenye bomba la mbele. Baba Nasri alimbeba mwezi wa tano kumleta kutoka Mabawa, kafika nyumbani mtoto ana kiatu kimoja, kile cha 24, kingine kimeanguka njiani hakusikia hata mlio. Alirudi kukitafuta akakipata, lakini mi sikuwaza kiatu, niliwaza ule mguu mtupu uliokuwa unaning'inia pembeni ya spoki njia nzima. Waliowahi kuona mtoto aliyeingiza kisigino kwenye spoki wananielewa. Kiatu kilichokaa sawa mguuni kinazuia mengi pale.

Najua atatokea mtu aseme fundi wewe unazo, kila miezi minne kiatu kipya hela zinatoka wapi. Sina. Na mume wangu anabeba mizigo, siku ipo siku hakuna. Tulichofanya pale mtaani kwetu tumeweka kapu. Kapu la ukindu la kawaida kabisa liko kibarazani kwangu chini ya cherehani, viatu ambavyo mtoto vimemwacha vinakuja humo, vimefuliwa, na mimi navipima kwa ndani halafu naandika sentimita kwa makapeni kwenye soli ya ndani, 13, 13.5, 14, 14.5. Mama mwenye shida anakuja na chelewa yake anatafuta. Ukichukua, siku kikimwacha mwanao unakirudisha, kikiwa kimechoka unapeleka kwa fundi viatu kwanza, shilingi mia tano gundi, au unasema ukweli kwamba kimekufa tunakitupa. Tulianza wamama wanne, sasa tuko kumi na mmoja, na juzi wamama wawili wamekuja kutoka Duga kuuliza. Watoto wa umri huu wanapishana miezi michache tu, kiatu kimoja kinaweza kulea miguu mitatu kabla hakijachoka, ndo maana naumia kuona kila nyumba ina viatu vizima vimefungiwa kwenye sandarusi juu ya kabati vinaliwa na mende.

Kuna masharti tuliyoweka. Kiatu kilichoegemea upande hakiingii kapuni. Na cha mtoto aliyekuwa na vidonda vya miguu au fangasi hakiingii mpaka kimefuliwa kikakaa juani vizuri. Hili lilileta maneno kidogo mwanzoni, mama mmoja aliona kama amesemwa, tukakaa tukaelewana.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka ya viatu, hapa Ngamiani na popote. Wekeni kipimo. Miaka ya 1920 kule Marekani kuna mtu anaitwa Charles Brannock wa mji wa Syracuse alibuni kile kipimo cha chuma cha kusimamisha mguu kikasoma urefu na upana kwa pamoja, na mpaka leo maduka ya huko yanakitumia. Sisi hata hatuhitaji chuma. Shemeji yangu seremala alinitengenezea cha mbao kwa saa moja, kipande cha ubao kilichobaki kwenye kitanda, nyuma kagongea kizuizi cha kisigino, katikati kabandika rula ya shule ya sentimita 30, na kijibao kidogo cha kusogeza mbele kiguse kidole. Kimegharimu bei ya rula na misumari. Kila duka linashindwa nini kuwa nacho mlangoni? Mteja anasimamisha mtoto, anasoma, anachukua kiatu kinachomfaa, na kesho hawi na sababu ya kurudi kugombana na kijana wako.

Na ile karatasi ya mali ikishauzwa hairudishwi naomba muifikirie upya kwa viatu vya watoto. Sisemi mtu avae mwezi mzima arudishe. Nasema siku mbili, kiatu hakijatoka nje, soli safi, risiti ipo, mbadilishie saizi. Bado ni biashara yako, hela hajakudai. Mimi nguo ikimbana mteja naipokea naifumua bure kwa sababu kosa la kipimo ni la fundi, na wateja wangu ndo wanaonitangazia.

Tena kuna viwanda vyetu. Nchi hii ina ng'ombe kuliko nchi nyingi za Afrika, ngozi ipo, na pale Karanga Moshi kuna kiwanda cha viatu kinachotengeneza viatu vya ngozi. Naomba wakubwa wa viwanda wamkumbuke na huyu mteja wa sentimita 13, watengeneze kiatu kilaini, chepesi, kipana mbele, chenye mkanda, na wakiandike sentimita kwa ukubwa pale soli ilipo, sio kujificha na vinamba vitatu vya nchi za watu. Mama hata kama hajasoma Kizungu sentimita anaisoma.

Nasri kipimo chake kinachofuata ni mwezi wa kumi mwanzoni. Kwenye kapu kuna kimoja cha 14.5 cha bluu nimeshakiwekea jicho, ila kinasubiri kurudishwa na mtoto wa Mama Rukia ambaye naye bado milimita chache hazijatimia. Anayetaka kuiona ile mbao ya shemeji aje Makorora aulize fundi wa kibaraza chenye kapu la viatu, aje na karatasi achukue vipimo vyake akamtengenezeshe seremala wake, simtozi kitu.

Mama Nasri,
Makorora, Tanga